Skripti ya Mervyn Isiyolalamika

Mervyn Stodart alipoona taa ya injini inawaka kwenye gari lake, hakwenda kwa fundi. Alikata kipande cha utepe mweusi, ule wa mafundi umeme, akakibandika juu ya taa, akaendelea na safari yake ya kwenda kuvua samaki. Miezi saba baadaye injini iliungua katikati ya barabara kuu, na alipotusimulia kazini alisimulia kama mtu aliyeonewa. Alisema gari halikumpa ishara hata moja. Nikamuuliza, na ule utepe je? Akanijibu, "Glenys, ile taa ilikuwa inanikera."

Nimefanya kazi naye miaka ishirini na moja katika halmashauri ya Wandoolah, mimi mapokezi, yeye kwenye chumba cha kompyuta kilicho nyuma ya choo cha wanaume. Kwa hiyo haya ninayoyasema siyasemi kwa kuambiwa. Kiangazi na kipupwe alivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu mpaka magotini, na kalamu mbili mfukoni ambazo sikuwahi kumwona akiziandikia. Alikuwa mtu mwema. Kila mwaka mlimau wake ukizaa alitujazia malimau kwenye droo bila kusema neno. Hakuwa na adui mji mzima, na hakuwa naye kwa sababu moja tu: hakuna aliyewahi kusikia habari mbaya kutoka kinywani mwake. Mkewe Beryl aliniambia kwamba mama yake Mervyn alipofariki, yeye Beryl alijua siku mbili baadaye. Walikuwa na wageni wa kuchoma nyama Jumamosi ile, na Mervyn hakutaka kuharibu chakula. Alikaa pale mbele ya majiko, anageuza soseji, mama yake yuko chumba cha maiti.

Kitu kilichompa jina kilikuwa skripti moja, yaani programu fupi ya kompyuta, ya mistari mia mbili hivi, aliyoiandika kwa lugha ya Perl. Kule juu ya mto, kwenye Daraja la Pengilly, kuna kipimo cha maji, na kila robo saa kipimo hicho hutuma namba kwa redio. Skripti ya Mervyn inapokea namba, inafungua faili, inaiandika chini ya zile za nyuma, inafunga. Kisha bodi iliyo ukutani kwangu mapokezi inasoma namba ya mwisho kwenye faili. Chini ya mita nne, taa ya kijani. Zikipita nne, njano. Zikipita sita, nyekundu. Hata mimi niliyeshindwa hesabu darasa la tisa niliielewa.

Bodi ile haikutundikwa kwa urembo. Chini ya mji, mwendo wa saa mbili kwa maji ya mto, kuna bonde la Noeline Burridge, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa mia moja na kumi na wanane, kila mmoja na jina lake. Bonde lake lina majani mazuri kuliko yote wilayani, na ndilo la kwanza kumezwa mto ukifurika. Kuwapandisha ng'ombe wote wale mlimani ni kazi ya saa moja na nusu, na wakishapandishwa wanagoma kutoa maziwa siku mbili nzima, kwa hiyo hawapandishi ovyo. Simu ya mkononi haishiki kule. Mvua ikichacha milimani, Noeline hunipigia kwa simu ya mezani, na wala hasalimii. "Bodi inasema nini?" Nikimwambia njano, anakata simu na kuita mbwa wake. Uhai wa ng'ombe wake ulikuwa unapita kwenye faili la Mervyn, na yeye hata hakujua kwamba kuna faili.

Nimtendee haki Mervyn: mwanzoni aliiandika vizuri. Katika lugha ile kuna amri ambayo ukiisema kwa lugha ya watu inakuwa hivi: fungua faili, la sivyo ufe, na kabla hujafa useme kwa nini. Ndivyo alivyoiandika. Faili likikataa kufunguka, skripti inasimama palepale na kutuma ujumbe kwenye simu saba za wakubwa, pamoja na sababu yake. Katika mwezi wake wa kwanza ilikufa mara nne, na mara zote nne sababu ilikuwa moja. Jina la sababu hiyo ni Warwick Teague.

Warwick ni mhandisi wetu wa mito. Ana tabia moja: akiwa na wasiwasi na mto, analifungua faili lile kwenye kompyuta yake, kwa programu ya majedwali, ili azione namba kwa macho yake. Akishalifungua halifungi. Ananyanyuka, anakwenda kunywa chai, anakwenda kukagua kalvati, faili liko wazi mezani. Na kompyuta zetu zina ubahili wake: faili likiwa limeshikwa na mtu kwa namna ile, mwingine haruhusiwi kuliandikia. Skripti inafika na namba yake mkononi, inakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Mara ya nne ilikuwa Siku ya Anzac, ile ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, saa tano asubuhi. Mji mzima tumesimama mbele ya mnara wa askari, vichwa chini, dakika ya ukimya, wazee na medali zao kifuani. Simu ya Lindsay Ogilvie, mkurugenzi wetu, ikawika. Alikuwa ameiwekea mlio wa jogoo. Iliwika mara tatu kabla hajaipata mfukoni, na mtoto mmoja akacheka, na mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu akauliza kwa sauti kubwa kama kumekucha.

Kesho yake asubuhi Lindsay alikuja mpaka chumba cha kompyuta. Nilikuwa pale, nimepeleka barua.

"Merv, hicho kitu chako kimenivua nguo mbele ya watu."

"Faili lilikataa kufunguka, bosi. Warwick alikuwa amelifungua huku akaliacha."

"Nimekuuliza habari za faili? Nakwambia habari za simu yangu. Sitaki kuisikia tena."

"Hakuna shida," akasema Mervyn.

Ingetosha Warwick kuambiwa: bwana, ukimaliza kutazama, funga. Lakini Warwick ni nahodha wa timu yetu ya kriketi, ana hasira za karibu, na sisi watu wa Wandoolah tuko tayari kuuhamisha mto kuliko kumwambia mwenzetu usoni kwamba amekosea. Kwa hiyo Warwick hakuambiwa. Mervyn alirudi kwenye kiti chake akaifuta ile amri ya kufa. Badala yake akaandika kwamba faili lisipofunguka, skripti iitupe ile namba na kuendelea kimya kimya, isimwambie mtu. Pembeni ya mstari huo, pale waandishi wa programu wanapoachiana maelezo, akaandika: hakuna shida.

Tangu siku hiyo simu ya Lindsay haikuwika tena. Skripti haikufa, haikusimama, haikulalamika. Kila mwezi wa Desemba, kwenye sherehe ya Krismasi, Lindsay alimpa Mervyn cheti chenye fremu kwa kuendesha mfumo usio na hitilafu. Vyeti vilifika kumi na tisa. Alivitundika vyote chumbani mwake, mpaka ikabidi ramani ya wilaya iondolewe ukutani.

Miaka miwili kabla hajastaafu tuliletewa msichana mmoja, Tamsin Roe, mwembamba, mwenye miwani mikubwa na kipini puani, amsaidie Mervyn na baadaye achukue nafasi yake. Siku ya nne tu kazini nikawakuta wamekaa mbele ya skrini moja.

"Mzee Merv, hapa faili lisipofunguka inakuwaje?"

"Inaendelea."

"Na ile namba iliyokuja?"

"Si inakuja nyingine baada ya robo saa."

"Nayo ikikuta faili halifunguki?"

"Inakuja nyingine, mwanangu. Namba haziishi."

"Sasa bodi inaonyesha nini wakati wote huo?"

"Namba ya mwisho iliyoandikwa."

"Hata kama ni ya jana?"

Mervyn akavua miwani yake akaifuta kwa soksi. Ndiyo, kwa soksi, ikiwa bado mguuni. "Wewe umeanza kazi lini hapa?"

"Jumatatu."

"Hii skripti haijaanguka tangu wewe hujaota meno. Nenda kanywe chai."

"Haijaanguka kwa sababu umeikataza kuanguka," Tamsin akasema. "Umeiziba mdomo, mzee. Haioni na haisemi kwamba haioni."

Mervyn akacheka, akampa malimau matatu. Tamsin aliyachukua, na jioni ile ile akamwandikia Lindsay barua ya ukurasa mmoja, imenyooka kama rula, inasema siku bodi itakapodanganya kutakuwa na msiba. Jibu la Lindsay nililichapa mimi. Lilisema halmashauri inathamini mchango wake, ila mabadiliko yoyote yasubiri mpaka Bwana Stodart astaafu, kwa heshima ya utumishi wake wa muda mrefu. Nililichapa, nikalitia kwenye bahasha, nikaenda kula pai yangu ya nyama.

Sasa tufike Alhamisi ile ya Machi.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku mbili. Siku hiyo ndiyo tulikuwa tunamuaga Mervyn, saa nne, kwa chai. Kwetu chai ya kuaga si jambo la hiari. Kila idara inaleta keki, watu wa barabara wanarudishwa kutoka barabarani, na mtu asipokuja, jina lake litatajwa kwa miaka kumi. Mimi nilileta keki za mraba za chokoleti na nazi, dazeni nne.

Saa mbili kasorobo asubuhi Warwick alifika, akaitazama mvua dirishani kwake, akaanza kuuhofia mto. Nampa haki yake, aliujali mto. Akafungua faili. Namba ya mwisho ilikuwa mita tatu nukta sita mbili. Akaliacha wazi ili awe analitazama kila dakika. Na alilitazama kweli. Saa mbili na nusu alilitazama, tatu nukta sita mbili. Saa tatu alilitazama, tatu nukta sita mbili. Alikuja mapokezi akaniambia kwa furaha kwamba mto umetulia. Yule bwana alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili, kisha anafurahi kwamba hakuna mtu anayeingia.

Saa mbili na nusu Noeline alipiga.

"Bodi inasema nini?"

"Kijani."

"Kijani ya ngapi?"

"Tatu nukta sita mbili."

"Mvua huku haijakatika tangu jana, Glenys."

"Hata hapa. Lakini kijani."

"Haya."

Saa nne na robo akapiga tena. Watu wote walikuwa ukumbini, Lindsay ameshaanza kusafisha koo. Nilirudi mbio mapokezi nikiwa na kisu cha keki mkononi.

"Bado ile ile?" Noeline akauliza.

"Ile ile."

"Tatu nukta sita mbili?"

"Hiyo hiyo."

"Yaani tangu asubuhi haijapanda wala haijashuka?"

"Si ndiyo uzuri wake."

Nilisikia ng'ombe wakilia nyuma yake. "Mvua yote hii, mto usitikisike hata kidole kimoja? Glenys, una hakika?"

"Noeline, mwenzangu, tunamuaga Merv hapa. Wananisubiri mimi wakate keki. Kijani ni kijani."

"Haya basi. Msalimie Merv," akasema, akakata simu.

Nilirudi ukumbini. Lindsay alikuwa anasema kwamba katika maisha yake ya utumishi hajawahi kuona kitu kama hiki: miaka kumi na tisa, hitilafu sifuri. Tukapiga makofi. Mervyn alitokwa na machozi, akayafuta, akashukuru kila mtu, akamshukuru mpaka Warwick. Nikamletea Tamsin kipande cha keki, nikamnong'oneza, kwa kujifurahisha tu, kwamba hata mto umeamua kumpa Mervyn heshima, umekaa tatu nukta sita mbili asubuhi nzima.

Tamsin alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Asubuhi nzima? Namba ile ile?"

"Ile ile."

Aliiweka sahani sakafuni, sakafuni kabisa, akatoka mbio. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Warwick, akashika kipanya chake, akalifunga lile faili. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu. Tulisimama mapokezi tukiitazama bodi, mimi bado nimeshika kisu, na saa tano kamili ikaingia namba mpya. Sita nukta nne nane. Bodi ilitoka kijani ikaenda nyekundu, njano haikuipitia hata kidogo.

Nilimpigia Noeline. Simu ililia mpaka ikajikatia. Nikapiga tena, na tena. Mara ya nne haikulia kabisa.

Baadaye watu wa halmashauri wenyewe walipiga hesabu: saa mbili na nusu, alipopiga mara ya kwanza, bodi ilipaswa kuwa njano. Angekuwa na muda wa kuwapandisha ng'ombe wote na kunywa chai juu yake. Badala yake maji yalimkuta zizini saa tano kasorobo. Alikata nyaya za uzio kwa koleo, akawafukuza wale aliowafikia, na mbwa wake wakafanya kazi ya watu kumi. Sabini na saba walipanda. Arobaini na mmoja walibanwa kwenye geti la chini, na yeye akapanda juu ya paa la banda la kukamulia akawasikiliza mpaka waliponyamaza. Jirani alimchukua kwa mashua ya bati saa nane mchana. Aliponiona mjini wiki iliyofuata alinitajia majina yao, mmoja mmoja, bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na sioni haya kusema hivyo. Mizoga ilikutwa kwenye mivinje ya ukingoni mpaka Aprili.

Wiki tatu baadaye ukaitishwa mkutano wa uchunguzi kwenye ukumbi wa mji, mchana, milango wazi kwa kila anayetaka. Mervyn alikuja na suruali ndefu. Sikuwa nimewahi kumwona nayo, akaonekana mdogo. Lindsay alisoma karatasi yake: halmashauri inasikitika, lakini rekodi zinaonyesha kwamba siku hiyo mfumo haukutoa taarifa ya hitilafu yoyote. Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, kana kwamba ni utetezi.

Kisha akasimama Tamsin, na bunda la karatasi alilolibeba kama mtoto mchanga. Alikuwa amechapa muhtasari wa faili zima. Alieleza kwamba namba inatakiwa kuingia kila robo saa, kwa hiyo pale ambapo robo saa haina namba, ujue faili lilikataa kufunguka na hakuna aliyeambiwa. Alikuwa ameyahesabu mapengo yale kwa miaka yote kumi na tisa. Kwenye siku za jua, mto ukiwa na usingizi, faili limejaa kama kitabu cha mtoto mwenye bidii. Mto ukichafuka tu, mapengo.

"Kwa nini?" akauliza diwani mmoja. "Kipimo kinaogopa maji?"

"Kipimo hakina neno," Tamsin akasema. "Mto ukichafuka ndipo Bwana Teague anapolifungua faili kulitazama. Na akilifungua, haliandikiki."

"Lakini kwenye yale mafuriko mawili makubwa ya miaka ya nyuma bodi ilikwenda vizuri," Lindsay akadakia. "Nyekundu, kwa wakati wake!"

"Yote mawili yalikuwa Jumamosi," Tamsin akasema. "Bwana Teague alikuwa kwenye kriketi."

Kuna watu walicheka, halafu wakaona uso wa Noeline wakaacha. Warwick alikuwa anatazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mtu alikuwa amemwambia, na ilichukua dakika moja na nusu.

Mervyn akaomba kusema. Alisimama, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Nataka ieleweke kwamba skripti haikukosea," akasema. "Ilifanya vile nilivyoiambia."

Noeline alikuwa amekaa mstari wa pili, na buti zake za zizini. Hakusimama. "Uliiambia nini, Merv?"

"Isisumbue watu."

"Na ilipokuwa haijui mto uko wapi?"

"Ilikuwa inatoa namba ya mwisho iliyokuwa nayo. Nilidhani ni bora kuliko kutotoa kitu."

"Mimi nisingehitaji namba," Noeline akasema, polepole, kama anamweleza mtoto. "Ungeniambia hamjui. Basi. Ningesikia hamjui, ningewapandisha wote, hata kama ni bure, hata kama maziwa yote yanamwagika. Mtu akiniambia hajui nina la kufanya. Wewe ukanipa tatu nukta sita mbili."

Mervyn alifungua mdomo, na naapa kwamba niliiona ile "hakuna shida" ikimfika ulimini kwa mazoea ya miaka sitini, akaimeza. Akakaa. Sikumwonea huruma hata chembe. Nilikuwa na hasira ya wiki tatu kifuani na nikaona hapa ndipo pa kuitolea. Nikasimama mimi. Nikasema kwamba huyu bwana ametufanya wote vipofu, kwamba mimi nilikaa mapokezi nikamsomea Noeline kile kilichoandikwa ukutani, mara mbili, kwa moyo safi, na kwamba nilichoona ndicho nilichosema, sasa mtu kama mimi angefanya nini zaidi? Watu wakaitikia. Nilisikia kabisa wakiitikia.

Noeline akageuka kwenye kiti chake akanitazama.

"Glenys," akasema, "dirisha lako la mapokezi linatazama wapi?"

Hakuna mtu ukumbini ambaye hakujua. Wote wamewahi kupanga foleni pale kwangu. Linatazama mto, hatua arobaini tu. Saa nne na robo ile, nikiwa nimeshika simu sikioni na kisu mkononi, nililitazama dirisha hilo nikaona maji ya kahawia yamezimeza meza za bustani, zile za kuchomea nyama, na gogo zima la mkalitusi na mizizi yake linapita kwa kasi. Niliona vizuri. Kisha niligeuza shingo nikasoma bodi, na kile kingine sikukitaja, maana kingenichelewesha na keki.

"Mtoni," nikamjibu, nikakaa.